Je, Wajua? Kutoka 'run' hadi kamata

Je, wajua kwamba neno la Kiingereza lenye maana nyingi kuliko yote ni jepesi kiasi kwamba mwanafunzi wa Luvungi, huku mashariki mwa Kongo, hukutana nalo mwanzoni kabisa mwa somo la lugha hiyo? Ni 'run', kukimbia. Wahariri wa kamusi kubwa ya Oxford walipolipitia upya walipata maana 645 za kitenzi hicho peke yake. Aliyepewa kazi hiyo, Peter Gilliver, alikaa nayo miezi tisa.

Je, wajua nani alivuliwa taji? Ni 'set'. Katika toleo la mwaka 1989 la kamusi hiyohiyo, kitenzi hicho kilikuwa na maana 430, na maelezo yake yalikula maneno kama 60,000. Hicho ni kitabu kizima juu ya neno la herufi tatu.

Kilichompandisha 'run' ni mashine. Injini ikiwaka, kwa Mwingereza inakimbia. Basi lenye safari kila siku linakimbia. Mwenye duka analikimbiza duka lake. Makamasi nayo hukimbia, na kitenge cha bei ya chini kikitiwa majini, rangi yake inakimbia pia.

Je, wajua kwamba hata uchaguzi haujawapatanisha wenye lugha yao? Mmarekani anayetaka urais "anakimbia". Mwingereza anayetaka ubunge "anasimama". Sisi "tunagombea". Kati ya watatu hao, naona Mswahili ndiye aliyesema kweli.

Mto nao, kwa Kiingereza, hukimbia. Na hapa Luvungi hatuna budi kuutaja Ruzizi, maana je, wajua kwamba mto huu uliwahi kuwavuruga wapelelezi wa Kizungu kwa sababu ya kitenzi kimoja? Mwaka 1858 Richard Burton na John Speke walikuwa ziwa Tanganyika wakitafuta chanzo cha Nile. Speke alivuka ziwa kumwona mfanyabiashara Mwarabu, Hamid bin Sulayyim, akarudi na habari tamu: kaskazini mwa ziwa kuna mto mkubwa unaotoka ziwani. Mto utokao ziwani kwenda kaskazini! Nani asingedhani ni Nile? Wakapanda mitumbwi hadi Uvira, wakafika Aprili mwaka huohuo. Pale wakapokewa na wana watatu wa Sultani Maruta, wakawauliza. Jibu likawa moja: Ruzizi hautoki ziwani, unaingia.

Burton aliandika kwamba moyo wake uliugua. Ndipo Sidi Mubarak Bombay, mkalimani wao, aliposema kwamba Speke hakumwelewa Hamid, kwamba mzee yule alikuwa amezungumzia mto unaoingia. Kumbuka njia ambayo neno lilipita. Bombay na Speke walizungumza Kihindustani, lugha ambayo haikuwa ya yeyote kati yao, wakipima maneno ya Mwarabu juu ya mto wa Wafuliiru na Wavira. Kutoka na kuingia vikabadilishana viti njiani. Uvumi haukufa hadi Novemba 1871, pale wapelelezi wengine, Livingstone na Stanley, walipopiga makasia hadi mdomo wa mto na kujionea wenyewe. Mtoto yeyote aliyechunga ng'ombe kwenye bonde hili angewaambia bure: maji yanatoka Kivu, yanapita Kamanyola, yanapita upande wetu wa mashariki, yanashuka Tanganyika.

Sasa tuje kwa kitenzi kinachotuhusu zaidi: 'take'.

Je, wajua kwamba 'take' si mwenyeji Uingereza? Waingereza wa kale walisema 'niman', ndugu wa 'nehmen' ya Wajerumani. 'Take' ililetwa na Waviking, mabaharia wa Skandinavia walioteka sehemu kubwa za kaskazini na mashariki mwa nchi hiyo miaka ya 800. Kwao neno lilikuwa 'taka'. Ndiyo, taka, kama hii yetu ya kutaka, ingawa hazina udugu wowote. Ni sura tu zimelingana.

Mgeni huyo alimfukuza mwenye nyumba. 'Niman' ikasukumwa pembeni hadi ikabaki lugha ya wezi, kwa maana ya kuiba. Shakespeare aliichukua hapohapo: katika tamthilia yake ya Henry V kuna askari mwizi anayeitwa Nym, na mwisho wake ni kitanzi. Alama nyingine ya neno hilo ni 'numb', yaani mwili uliokufa ganzi. Asili yake ni "aliyechukuliwa". Sisi je? Tunasema mtu ameshikwa na ganzi.

Je, wajua maana ya kwanza ya hiyo 'taka' ya Waviking? Kugusa, kushika, kunyakua. Kwanza mkono unakamata, kisha kitu kinakuwa chako, kisha neno linaanza kufanya kazi ambazo mkono hauwezi. Na hapa ndipo Luvungi inapomshinda mtu wa Dar es Salaam. Kwenye Kiswahili sanifu, kukamata ni kazi ya polisi na mwizi, ya paka na panya. Huku mashariki mwa Kongo neno limetembea njia ileile ya Waviking: kamata ni chukua. Mama muuza sombe sokoni anakurudishia pesa iliyobaki, anakunyooshea noti, anakwambia, "Kamata makuta yako, papa." Mtanzania mgeni anaweza kuangalia nyuma kama kuna askari. Wewe unakunja noti yako, unaenda.

Mnairobi naye hasemi chukua wala kamata. Atakwambia, "Shika." Vitenzi vitatu, mkono mmoja.

Je, wajua kwamba 'take' ya kuvua viatu, ya kung'oa jino na ya kutoa pesa kwenye simu, Mkongomani anaifanya kwa neno moja pia? Tosha. "Tosha viatu." "Ninaenda kutosha makuta." Jirani wa ng'ambo atacheka na kudai kwamba kutosha ni kuwa ya kiasi, basi. Acheke, lakini sarufi iko upande wetu. Kuwaka huzaa kuwasha, kuchoka huzaa kuchosha, kuamka huzaa kuamsha. Kutoka kuzae nini, kama si kutosha? Tatizo pekee ni pale kijana anaporudi kutoka kibanda cha M-Pesa akisema "makuta yametosha". Mpaka leo sijui kama ni habari njema ya kiasi au habari tu ya kutolewa.

Je, wajua ni vitenzi vingapi vya Kiswahili sanifu vinavyogawana mzigo wa 'take' mmoja? Hesabu mwenyewe. Picha tunapiga. Hatua tunapiga. Kiapo tunakula. Rushwa tunakula vilevile, na si kwa bahati. Dawa tunakunywa, hata ikiwa kidonge kikavu. Basi tunapanda. Mtihani tunafanya. Mke tunaoa. Mgeni tunampeleka kwao. Mji unatekwa, neno ambalo watu wa bonde la Ruzizi wamelisikia redioni kupita walivyotaka. Na kuteka hukohuko ni kuchota maji, kazi ya amani kabisa ya kila asubuhi.

Kwa wenzetu waliokimbilia kambi za wakimbizi za Nyarugusu kule Tanzania au Nakivale kule Uganda, kisha wakapata safari ya Marekani, 'take' hukutana nao kwanza kwenye kichupa cha dawa. Kibandiko kinaamuru 'take' pamoja na chakula. Ni umeze dawa wakati wa kula. Usiichanganye kwenye ugali.

Chukua yenyewe haijalala, usiidharau. Mtoto amechukua sura ya mama yake. Mwanamke amechukua mimba. Majirani wanachukuliana, yaani wanavumiliana. Hoja tunaichukulia kuwa kweli hadi ipingwe. Safari inachukua saa kadhaa, na kwenye Barabara ya Taifa namba 5 hizo saa hutegemea mvua na vizuizi kuliko saa ya mkononi. Wabeba mizigo wa misafara ya kale waliitwa wachukuzi, na Tanzania hadi leo ina wizara inayoitwa ya Uchukuzi.

Kuhusu piga sitaongeza mengi, maana kila mwandishi wa safu kama hii ameshaipiga hadi ikachoka. Ila je, wajua kwamba katika sehemu kubwa ya matumizi yake hakuna anayeumia? Piga simu, piga pasi, piga mswaki, piga kura, piga magoti, piga miayo, piga soga, piga mbizi. Hakuna hata kofi moja.

Je, wajua kwamba vitenzi vinavyotumika zaidi kwa Kiingereza ndivyo vyenye utundu zaidi? Kuwa, kusema, kwenda, kuja, kuona, kuchukua: vyote vinavunja kanuni ya wakati uliopita. Sababu ni kwamba neno linalosemwa kila saa halipati nafasi ya kusahaulika, kwa hiyo hubaki na umbo lake la kale. Lile lisemwalo mara moja kwa mwaka watu husahau lilivyokuwa, wakalinyoosha. Mwaka 2007 watafiti walichapisha kwenye jarida la Nature hesabu ya vitenzi 177 vya namna hiyo vya Kiingereza cha kale. Vilivyobaki na ukaidi wao leo ni 98. 'Take' ni mmojawapo wa wakaidi: 'took', 'taken'.

Na Kiswahili? Vitenzi vya amri vinavyotutoa jasho ni vitatu tu: njoo, nenda, lete. Mgeni anayejifunza lugha yetu angepaswa kutuma shukrani.

Je, wajua kwamba mwanafunzi wa Luvungi ana msaidizi mwingine asiyekuwa naye mwenzake wa Dodoma? Ni Kifaransa. 'Prendre' hufanya kazi nyingi zilezile za 'take': basi, picha, dawa, muda. Aliyekwisha kuizoea darasani amevuka nusu ya mto. Lakini msaidizi huyo ana mtego mmoja mbaya, na umewanasa wengi. Kwa Kifaransa, 'passer un examen' ni kufanya mtihani. Kwa Kiingereza, 'pass' ya mtihani ni kufaulu. Kijana ametoka kufanya Mtihani wa Taifa, majibu bado, anamwandikia mjomba wake aliye Kampala kwa Kiingereza kwamba amesha-'pass'. Mjomba anatuma pesa za sherehe. Nani wa kuzirudisha?

Hayo yote hayakuwa na haraka zamani, lakini sasa yanayo. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Kiingereza kilikuwa tayari lugha rasmi ya Jumuiya, na Februari 2021 wakuu wa nchi walikuwa wameshakubali kuongeza Kiswahili na Kifaransa. Mtu wa Luvungi mwenye zote tatu ana kitu mkononi, mradi asizichanganye kwenye barua kwa mjomba.

Basi ombi kwa walimu wa Kiingereza wa bonde letu: msiandike ubaoni orodha ya maana za 'take' na kuwaambia watoto wazikariri. Waanzisheni na kamata na tosha za sokoni, wazigeuze wenyewe, waone zinavyoingia. Kisha wafundisheni pale mlango unapofungwa, kwa sababu mlango huo upo. Mwizi hakamatwi kwa 'take'. Ukisema hivyo, Mwingereza ataelewa kwamba umeondoka na mwizi ukampeleka mahali, labda nyumbani kwako.