Beji ya Buluu Hupewa Nani?

Paukwa! Mbona mwaitika kinyonge? Paukwa! Haya, sogeeni.

Hadithi ya leo iko England, kwenye maegesho ya duka kubwa. Gari limesimama palipochorwa kiti cha magurudumu. Mlango ukafunguka, akaruka mvulana wa umri wenu, miguu mizima, mbio kama swala. Mzee mmoja akaguna: “Huyu naye mlemavu?”

Mzee kaangalia miguu tu. Mvulana ana usonji. Honi na kelele zikimzidi hutimua mbio bila kutazama kulia wala kushoto, na toka mwisho wa maegesho hadi mlangoni mama hamuwezi. Ndiyo maana amepewa Beji ya Buluu, kibali cha kuegeshewa gari mahali kama hapo. Zamani wangesumbuka sana kuipata, kwa sababu kilichopimwa hasa ni kutembea. Tangu Agosti 2019, hata ambaye safari humtia hofu kubwa mno, au humhatarisha yeye au wenzake, anaweza kuiomba halmashauri yake.

Wapo wasioulizwa maswali mengi: kipofu aliyesajiliwa, na mtu mzima anayelipwa posho ya ulemavu baada ya kupimwa na kuonekana hawezi kutembea zaidi ya mita 50. Mtoto wa chini ya miaka 3 naye huipata, ikiwa kila aendako lazima abebewe mashine kubwa ya matibabu. Lakini wewe uliyevunjika mguu kwenye mpira, utakayepona baada ya wiki chache? Vumilia na magongo yako.

Sasa sikilizeni hapa, ndipo watu wazima wanapojifanya hawaelewi. Beji ni ya mtu, si ya gari. Bibi mwenye beji leo atapanda gari la mjukuu, kesho teksi, na beji anakwenda nayo. Huwekwa kwenye dashibodi. Akiegeshewa kwenye mistari ya njano inayozuia maegesho, pasipokatazwa kushusha mizigo, huruhusiwa kukaa kwa muda wa saa 3. Hapo huwekwa pia saa ya kadibodi, ambayo mshale wake huzungushwa kwa kidole kuonyesha muda aliofika.

Picha ya bibi iko upande wa nyuma, haionekani kiooni. Basi mjukuu mjanja anamwacha bibi nyumbani na chai yake, anachukua beji, anakwenda kujinunulia viatu. Mkaguzi wa maegesho anaiomba, anaigeuza: bibi huyo, anamtazama! Faini yaweza kufika pauni 1,000. Na bei ya viatu bado hatujaijumlisha.