Mzee wa Rejista na Kompyuta Mpya

Chukua mfano wa karani wa rekodi katika kituo chochote cha afya baina ya Kilifi na Malindi. Amekaa kwenye dirisha lile miaka 25. Asubuhi moja anakuta rejista zake zimefungwa kamba, na juu ya meza yake kuna kompyuta. Kando yake amesimama kijana wa rika la mjukuu wake.

"Shikamoo mzee. Kuanzia leo ni kuandika humu tu."

"Marahaba. Haya, baba."

Kabla ya saa sita kamba imefunguliwa, na mzee anaandika kwa kalamu kama kawaida.

Wakubwa wengi wa ofisi huuita huo ukaidi, au husema kwamba uzee na mashine havipatani. Sikubaliani nao. Mzee huyo huyo hutuma na kupokea pesa kwa M-Pesa, iliyoanza mwaka wa 2007, na nambari yake ya siri haisahau. Kinachomtia hofu ni cheo chake. Miaka yote hiyo, yeye ndiye aliyekuwa akiulizwa.

Na kuna mengi ya kuulizwa. Miongoni mwa Wagiriama, kifungua mimba wa kiume aghalabu hupewa jina la babu yake mzaa baba. Kwa hiyo Katana Kazungu humzaa Kazungu Katana, naye akamzaa Katana Kazungu mwingine. Mama naye huenda kitambulisho chake kikasema Dama, ilhali kijijini hakuna amjuaye ila kwa jina la mwanawe. Hata shujaa Mekatilili wa Menza, aliyewaongoza Wagiriama kuwapinga Waingereza mwaka wa 1913, alizaliwa akiitwa Mnyazi. Mekatilili ni kusema mama yake Katilili. Sasa mpe mgeni wa kutoka mbali orodha ya majina hayo uone atakavyotoka jasho!

Taasisi ya Utafiti wa Matibabu, KEMRI, iliyo na kituo Kilifi tangu 1989, inalijua jambo hili vizuri. Mwaka wa 2000 kituo hicho kilianza kuweka katika kompyuta orodha ya wakazi wa eneo la kilomita mraba 891, watu zaidi ya 250,000, na kuiunganisha na rekodi za wanaolazwa katika hospitali kuu ya Kilifi. Kila mgonjwa hana budi kutafutwa katika orodha hiyo. Mashine huleta majina upesi, lakini kumtambua mwenyewe kwahitaji mtu ajuaye la kuuliza: ni wa boma lipi, wazazi wake ni nani.

Hapo ndipo pa kumshika mzee. Asiketishwe kama mwanafunzi mtupu. Kijana amfundishe kubofya, naye amfundishe kijana majina. Masomo yafanywe foleni ikiisha, maana hakuna mtu mzima apendaye kukosea mbele ya wagonjwa wanaomwita mzee. Siku ya kwanza ajifunze kutafuta jina tu, na kulisahihisha lililokosewa. Hayo mengine yatafuata. Rejista ibaki kando kwa muda uliotajwa tarehe, kwani kazi ya kuandika mara mbili ikiendelea bila kikomo, kalamu ndiyo itakayoshinda.

Tena aambiwe ukweli kuhusu kazi yake. Tangu 2009 mtumishi wa serikali hustaafu akiwa na miaka 60. Aliye na 57 akiona kompyuta imeletwa bila neno, hujiuliza kama anaonyeshwa mlango. Asipojibiwa, hujijibu mwenyewe, na jibu lake si zuri.

Kumbembeleza na kumwacha na kalamu yake si huruma pia. Tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) iliposhika nafasi ya NHIF, wanachama husajiliwa na madai ya hospitali hupelekwa kwa mtambo. Kituo kisichoingiza madai yake humo hakilipwi, na dawa ni pesa.

Turudi dirishani kwa mfano wetu. Jina limeandikwa, na kioo kimejaa.

"Mzee, hapa wametokea Kazungu Katana wanane. Ni yupi?"

Mzee anavuta kiti, anavaa miwani. "Muulize kwanza, yeye ni wa Ganda au wa Msabaha?"