Msaliti Aliyejificha Kati Yetu (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliiacha Galactica, meli ya kivita, ikikimbia angani na mabaki ya binadamu waliosalimika. Kwa msomaji anayeanza leo: tamthilia hiyo ya Kimarekani, iliyoundwa upya mwaka 2003 na kumalizika 2009, inahusu vita kati ya watu na Cylon, mashine walizozitengeneza wenyewe, ambazo sasa zimepata sura ya mtu. Aina zake ni 12. Saba zilijulikana mapema. Nne zilifichuliwa Machi 2007, na ya mwisho ikangojewa hadi Januari 2009. Muda wote huo watazamaji walipekua kila tendo: fulani mbona hakufa? Fulani mbona hatujui kwao?

Raha ya kukisia namna hiyo ina sharti moja. Msaliti awepo kweli, na dalili zake ziwe zimepandwa na mtunzi. Ondoa mtunzi, na dalili yoyote itamfaa mtu yeyote. Hilo tumelishuhudia hapa kwetu, tangu Shinyanga hadi Geita.

Kati ya 1970 na 1984 watu zaidi ya 3,600 waliuawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi, wengi wao wanawake, na zaidi ya nusu walikuwa wa Mwanza na Shinyanga. Mwanasosholojia Simeon Mesaki, aliyeyachunguza mauaji hayo, aliyahusisha na Operesheni Vijiji ya mwaka 1974. Zamani Msukuma aliyemshuku jirani yake alihama. Operesheni hiyo ilipowakusanya watu pamoja vijijini, mlango huo ukafungwa, na kila msiba ukawa na mtu wa karibu wa kutazamwa. Watu wakakumbushana kuwa kikulacho ki nguoni mwako.

Dalili kuu ikawa macho mekundu ya ajuza. Lakini tuifuate dalili hiyo hadi jikoni. Tangu miaka ya 1920 mapori ya Shinyanga yalifyekwa ili kumaliza mbung'o, kisha pamba ikala yaliyobaki, hata ikabidi mwaka 1986 uanzishwe mradi wa HASHI wa kurudisha miti na ngitili, yaani malisho yaliyotengwa. Kuni zilipoadimika, mama alipikia kinyesi cha ng'ombe na mabua ya pamba, katika nyumba isiyo na dirisha la maana. Miaka 40 ya moshi huo humwachia mtu macho mekundu. Anayemnyooshea kidole amelelewa kwa ugali wa moto uleule.

Machimboni mambo ni hayohayo. Duara, yaani shimo la dhahabu, la jirani limetema; la kwako kavu. Mkanda wa dhahabu ndani ya mwamba hupinda, hukonda, hukatika ghafla. Ndivyo miamba ya Geita ilivyo. Ila mchimbaji aliyekopa fedha za baruti na pampu anataka jibu lenye jina la mtu, na mpiga ramli analo tayari.

Hapo ndipo Galactica inapotufaa zaidi. Mwanasayansi Gaius Baltar anaagizwa kuunda mtambo wa kupima damu ili Cylon wagunduliwe. Rubani Sharon Valerii anapimwa, mtambo unaonyesha kuwa ni mashine, na Baltar, kwa kuhofia roho yake, anamwambia yu salama. Kumbe Baltar huyohuyo ndiye aliyempa adui njia ya kuingia katika mitambo ya ulinzi. Jeshi zima linasubiri neno lake, wala hakuna awezaye kulihakiki.

Mpiga ramli naye hahakikiwi. Huanza kwa kuuliza: umegombana na nani? Nani anang'ang'ania shamba la marehemu? Jina hutoka katika majibu hayo, mara nyingi la mjane mwenye ardhi. Macho mekundu hutafutwa baadaye, yawe ushahidi.

Januari 2015 serikali ilipiga marufuku wapiga ramli, wakati mauaji ya watu wenye ualbino, yaliyohusishwa nao, yakiwa yametikisa taifa. Naiunga mkono amri hiyo kwa moyo wote, ingawa iliwagusa wauzaji wa majina zaidi ya wanunuzi. Wiki ijayo tutaisoma Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928, kisha tuwaangalie Sungusungu, walioanza kwa kuwasaka wezi wa ng'ombe.