Meno Bandia: Mbona ya Chini Hayatulii?

Wazee waliopoteza meno yote wakishatengenezewa meno bandia, lalamiko hufanana: ya juu yanakaa vizuri, lakini ya chini yanachezacheza, yanainuka wakizungumza na kuwaumiza wakitafuna. Wengi huishia kuyaacha kwenye kikombe wakidhani daktari alikosea. Mara nyingi sababu iko kwenye taya yenyewe.

Mdomo usio na jino hata moja hauna cha kushikilia meno bandia. Kinachoyashika ni utando mwembamba wa mate kati ya ufizi na akriliki. Ni kama vipande viwili vya kioo vilivyolowa: kuvitelezesha ni rahisi, kuvibandua ni kazi. Kipande cha juu hufunika kaakaa lote, na kingo zake huzuia hewa isipenye. Cha chini ni chembamba, kimepinda kama herufi U, na ulimi uko katikati ukikisukuma kila mara. Mtu mwenye mdomo mkavu, hali inayoweza kuletwa na baadhi ya dawa, hupata taabu zaidi.

Halafu kuna mfupa. Sehemu ya taya iliyoshika mizizi huanza kupungua jino linapong'olewa, kwa kasi miezi ya kwanza, kisha polepole maisha yote. Utafiti wa Antje Tallgren uliochapishwa mwaka 1972, uliochunguza wavaaji wa meno bandia kwa kipindi cha miaka 25, ulionyesha kuwa taya ya chini hupoteza takriban mara nne ya ile ya juu. Ndiyo maana madaktari husita kung'oa meno ya mwisho ya chini, hasa chonge, yakiwa bado yanaweza kuokolewa. Hata mzizi mmoja au miwili iliyobaki husaidia kuulinda mfupa. Anayeambiwa "toa yote" ana haki ya kuuliza kama kuna la kubakiza.

Kazi yenyewe huhitaji ziara kadhaa: kuchukua umbo la fizi, kupima jinsi taya zinavyokutana, kujaribu meno yakiwa kwenye nta, kisha kukabidhiwa. Hatua ya nta ndiyo ya kusema. Mgonjwa aombe kioo, azungumze, ahesabu kwa sauti, na ikiwezekana aje na mtu wa nyumbani anayeikumbuka sura yake ya zamani. Kwenye nta, jino husogezwa kwa dakika chache. Akriliki ikishaiva, huenda kazi ikaanza upya.

Usiku meno yatolewe na yalazwe kwenye maji safi, yasiwe ya moto kwa kuwa huyapinda. Kuyavaa mchana na usiku hualika ukungu na wekundu kwenye kaakaa. Yasafishwe kwa brashi laini na sabuni ya kawaida, kisha yasuuzwe vizuri.

Yakilegea, yarudishwe kliniki. Daktari anaweza kuongeza tabaka jipya ndani yake. Kuyakwangua kwa kisu nyumbani huharibu kabisa. Vidonda katika siku za kwanza ni vya kawaida na huisha meno yakirekebishwa. Lakini kidonda kisichopona kwa majuma mawili, hata kama hakiumi, kichunguzwe haraka, kwani saratani ya mdomo huweza kuanza hivyo.