Mahindi Tele, Watoto Wafupi: Ini Linasubiri Nini?

Msimu wa mavuno ukifika, malori ya mahindi hupanga foleni Songea, mkoani Ruvuma, kwenye ghala za Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula. Magunia hutoka Namtumbo, Mbinga na Madaba, na mengi huishia kulisha mikoa mingine. Ruvuma haijui njaa ya tumbo. Hata hivyo, Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 35.6 ya watoto wa mkoa huu walio chini ya miaka mitano wamedumaa, wakati wastani wa taifa ni asilimia 30. Kwa majirani zetu wa Njombe na wenzao wa Iringa, wakulima hodari vilevile, udumavu ulivuka nusu ya watoto.

Wapo wanaosema watu wa huku ni wafupi kwa asili. Hoja hiyo haina mashiko. Vipimo vya ukuaji ambavyo Shirika la Afya Duniani lilivitoa mwaka 2006 vilitokana na watoto wa Brazili, Ghana, India, Norwei, Omani na Marekani, na ilidhihirika kuwa watoto waliolelewa na kulishwa vizuri hulingana sana kwa urefu katika miaka mitano ya kwanza, wawe wa taifa lolote. Sababu ya udumavu wetu tuitafute ndani ya mwili wa mtoto, na huko tutakutana na protini moja ndogo inayoitwa IGF-1. Ni kichocheo cha ukuaji kinachofanana kwa umbo na insulini.

Mtoto hurefuka pale seli za gegedu zilizo karibu na ncha za mifupa yake mirefu zinapogawanyika, zikavimba, kisha zikageuka mfupa. Seli hizo hazijiamulii. Tezi ya pituitari, chini ya ubongo, humwaga homoni ya ukuaji kwenye damu. Zamani wataalamu waliamini kuwa homoni hiyo hufanya kazi yote peke yake. Mwaka 1957 William Salmon na William Daughaday, huko St. Louis, Marekani, waliiweka moja kwa moja kwenye gegedu la panya, na gegedu halikushtuka sana. Lakini walipotumia majimaji ya damu ya panya aliyedungwa homoni ileile, gegedu liliamka. Kumbe kulikuwa na mjumbe mwingine katikati. Mwaka 1978 Ernst Rinderknecht na René Humbel wa Zurich waliutangaza mpangilio wake kamili: mnyororo wa asidi amino 70 tu. Sehemu kubwa ya IGF-1 iliyomo kwenye damu hutengenezwa na ini, baada ya ini kupata amri ya homoni ya ukuaji.

Cha kuvutia ni kwamba IGF-1 haihitaji kuingia ndani ya seli ili seli itii amri yake. Juu ya ngozi ya seli kuna protini nyingine, kipokezi, ambayo sehemu yake moja iko nje na nyingine ndani. IGF-1 inaposhika upande wa nje, umbo la kipokezi hubadilika, na upande wa ndani huanza kubandika chembe za fosfeti, kwanza juu ya kipokezi chenyewe, kisha juu ya protini za jirani. Kila inayobandikwa huamka na kuamsha ifuatayo. Kutoka hapo ujumbe hushika njia mbili kuu. Moja huiambia seli ijenge protini na isife. Nyingine hufika kwenye kiini na kuwasha jeni za kugawanyika.

Kazi hiyo haiishii kwenye mifupa, wala haianzi baada ya kuzaliwa. Mwaka 1996 madaktari wa London waliandika habari za kijana wa miaka 15 aliyezaliwa na jeni ya IGF-1 iliyomeguka. Alizaliwa mdogo mno, akabaki mfupi mno, na zaidi ya hapo alikuwa kiziwi na akili yake ilichelewa kukua. Ubongo na sikio la ndani navyo vilikuwa vikiusubiri ujumbe ambao haukufika. Hali kama yake ni nadra sana, na mtoto aliyedumaa Songea hana kasoro hiyo ya jeni. Lakini inatuonyesha wazi kwamba protini hii inahusika na mengi kuliko sentimita za urefu.

Sasa turudi kwenye ghala lililojaa. Miaka ya 1960, madaktari wa Cape Town walipima homoni ya ukuaji katika damu ya watoto wenye kwashakoo. Walikuta iko juu. Vipimo vya baadaye vilionyesha kuwa kilichoshuka ni vichocheo vya kundi la IGF: ubongo ulikuwa ukiamuru, na ini likikataa kuitikia. Kukataa huko kuna hekima yake. Mjenzi mwenye akili hapandishi ukuta kabla tofali hazijafika kiwanjani. Ini hupima asidi amino zilizomo kwenye damu, na zikipungua hupunguza IGF-1 ili kichache kilichopo kilinde uhai kwanza.

Na ugali mtupu hauzileti tofali zote. Protini ya mahindi ina upungufu wa lisini na triptofani, asidi amino mbili ambazo mwili hauwezi kujitengenezea. Ng'ambo ya Ziwa Nyasa, kusini mwa Malawi, ambako mahindi ndiyo chakula kama kwetu, utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulipima damu ya watoto 313 wa vijijini. Waliodumaa walikuwa na kiasi kidogo zaidi cha asidi amino zote tisa za lazima kuliko wenzao. Uji wa sembe na sukari hushibisha, mtoto akalala vizuri, na ini lake likaendelea kusubiri. Hilo ndilo jibu langu kwa anayeshangaa kwamba mtoto anakula lakini hakui.

Jambo la pili linalolizuia ini ni maradhi. Mwili unaopambana na vijidudu hutoa kemikali za uvimbe ambazo nazo hulinyamazisha ini. Nchini Zimbabwe, utafiti wa mwaka 2014 ulionyesha kuwa watoto waliokuja kudumaa walikuwa na dalili nyingi zaidi za uvimbe katika damu na IGF-1 pungufu tangu wakiwa na wiki sita tu. La tatu ni ukungu wa mahindi. Mwaka 2015 watafiti waliopima wanafunzi nchini Kenya waliripoti kuwa waliokuwa na sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, nyingi mwilini walikuwa na IGF-1 kidogo, na seli za ini zilizowekewa sumu hiyo maabara zilipunguza kuitengeneza. Kwa mkoa unaokula mahindi asubuhi, mchana na jioni, mahindi yaliyoanikwa vibaya yasichukuliwe kuwa hasara ya biashara tu.

Sitaki kumpa msomaji tumaini rahisi. Huko Ecuador, watoto wa miezi sita hadi tisa waliopewa yai moja kila siku kwa miezi sita waliongezeka urefu kwa kiwango cha kutia moyo. Jaribio kama hilo lilipofanywa Malawi, wilayani Mangochi, kando ya ziwa letu hilihili, mayai hayakuleta tofauti ya urefu, na maelezo mojawapo ni kwamba watoto wengi wa huko walikuwa tayari wanakula samaki. Majaribio makubwa ya maji safi na vyoo nchini Kenya na Zimbabwe nayo hayakuongeza urefu, ingawa kuboresha lishe kuliongeza kidogo. Hakuna kitu kimoja kinachotosha. Wala dawa za kurefusha watoto zinazouzwa mitaani zisimpotezee mzazi fedha. IGF-1 ya maabara ipo, ni sindano ya magonjwa nadra, na haitibu udumavu wa lishe.

Kinachowezekana Songea kipo karibu. Dagaa wa Nyasa wanaopanda kutoka Mbamba Bay, wakisagwa na kuchanganywa kwenye uji, hubeba asidi amino zilizopungua kwenye mahindi. Maharage ya Mbinga yana lisini kwa wingi. Yai la kuku wa nyumbani linalouzwa ili kununua soda lina thamani kubwa zaidi kwenye bakuli la mtoto mwenye miezi minane. Homa na kuhara vitibiwe mapema, mahindi yakaushwe vizuri na yaliyoota ukungu yasisagwe. Na mama ale vizuri akiwa mjamzito, kwa sababu ujumbe huanza tumboni na siku 1,000 za mwanzo ndizo zenye uzito kuliko zote zinazofuata.

Mzazi, utakapompeleka mtoto kliniki, usitosheke na mizani. Uzito unaweza kuwa mzuri huku urefu umesimama. Omba alazwe kwenye ubao apimwe urefu, uandikwe kwenye kadi, na uulize kama umeongezeka tangu mara ya mwisho.