Transista za miguu zinapotoweka, gitaa lisinyamaze

Wahenga walinena kwamba aliyekosa la mama hata la mbwa huamwa. Methali hiyo inatuhusu sana sisi mafundi wachache tunaounda pedali za gitaa katika mji wa Kitengela na kwingineko hadi Kajiado. Vipuri tulivyovizoea vimetoweka madukani, na kila mara inatubidi tutafute mbadala. Kipuri ninachokizungumzia ni transista, kidude chenye miguu mitatu ya waya, ambacho kichwa chake hakizidi punje ya hindi.

Huenda msomaji akauliza: transista na utamaduni vinahusiana vipi? Jibu litapatikana kanisani siku ya Jumapili, au katika kilabu cha mugithi usiku wa Ijumaa. Mtazame mpiga gitaa miguuni. Mbele yake pana kijisanduku cha chuma chenye vifundo viwili vitatu. Waya wa gitaa huingia upande mmoja na kutokea upande wa pili kuelekea kwenye amplifaya. Mpigaji akikanyaga kitufe, gitaa lililokuwa likilia kwa upole huanza kukwaruza na kuvuma kama nyuki mzingani. Kazi hiyo hufanywa na transista, ambayo hukikuza kile kijisauti cha nyuzi hadi kikapasuka. Bila transista, kijisanduku hicho ni kopo tu.

ILIKOTOKA SAUTI HII

Transista ya kwanza ilionyeshwa Desemba mwaka 1947 katika maabara za Bell huko New Jersey, Marekani. Waliohusika na uvumbuzi huo, John Bardeen, Walter Brattain na William Shockley, walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1956. Mwaka 1962 ikaingia sokoni pedali iliyoitwa Maestro Fuzz-Tone, na mwaka 1965 kundi la Rolling Stones la Uingereza likaitumia katika wimbo uliovuma dunia nzima. Mwaka 1966 kampuni ya Arbiter ya London ikatoa Fuzz Face, kijisanduku cha mviringo kilichokuwa na transista mbili tu ndani yake. Hicho ndicho alichokikanyaga Jimi Hendrix.

Katika Afrika, waliokumbatia mno mkwaruzo huo ni vijana wa Zambia wa miaka ya 1970, wakiwemo wale wa bendi ya WITCH. Kwetu Kenya mambo yalikuwa tofauti. Magwiji wa benga kama D.O. Misiani wa Shirati Jazz walipenda gitaa safi, kila uzi usikike peke yake kama tone la mvua juu ya bati. Kwa hiyo sidai kwamba mkwaruzo ni urithi wa babu zetu. Lakini vijana wa leo wanautaka, tena wanautaka kwa bei wanayoimudu, na pedali inayotoka ng'ambo huwa ghali kwa mpigaji anayelipwa kwa sadaka. Ndiyo sababu huja kwetu.

KWA NINI ZIMEADIMIKA

Transista za zamani zilikuwa na miguu mirefu. Fundi aliipitisha katika matundu ya bodi, akaigeuza bodi na kuilehemu kwa nyuma. Mkono wa binadamu, jicho na chuma cha moto vilitosha. Viwanda vingi vya leo vimeacha kutengeneza aina nyingi za vitu hivyo. Simu na kompyuta zimedai vipuri vidogo zaidi, ambavyo mashine huvibandika juu ya bodi bila kutoboa tundu. Kiwanda kinachouza mamilioni ya transista za kubandikwa hakioni faida ya kuendelea kutengeneza zile za miguu kwa ajili ya watu wachache wa gitaa.

Hivyo ndivyo tulivyoipoteza J201, iliyopendwa kwa sababu huiga ukali wa amplifaya za valvu. Ndugu yake 2N5457 nayo viwanda vikubwa vimeiacha katika umbo la miguu. Kampuni ya Toshiba ya Japani iliacha kutengeneza 2SK170, iliyosifika kwa kutokuwa na kelele. BC108 ya kofia ya chuma, iliyotumika katika Fuzz Face za baadaye, nayo huokotwa hapa na pale. Ama AC128 ya germaniamu, iliyojaa katika redio za miaka ya 1960, hiyo imekuwa adimu kama meno ya kuku.

Maduka ya umeme ya Kitengela huuza balbu, swichi na nyaya za nyumba. Mwenye kutaka transista hupanda matatu hadi Nairobi, mwendo wa kilomita 30 hivi, akaingia mtaa wa Luthuli ambako vifaa vya redio na muziki huuzwa. Huko nako, ukitaja J201, muuzaji hukuuliza kama hutaki nyingine inayofanana nayo. Swali hilo si la kubezwa. Ndani yake mna elimu yote ya kazi hii.

NJIA TUNAZOPITIA

Njia ya kwanza ni kutafuta ndugu wa karibu. BC108 ikikosekana, BC547 ya plastiki inafanya kazi ileile, na bado inauzwa kwa bei ya chini. Lakini ndugu hawaketi kwa mpangilio mmoja. Ukiigeuza BC547 ili upande wake bapa ukutazame na miguu ielekee chini, miguu hufuatana kutoka kushoto: kolekta, besi, emita. Ile ya Kimarekani, 2N3904, huanza na emita, kisha besi, kisha kolekta. Na 2SC1815 ya Kijapani ina emita, kolekta, besi. Anayebadilisha transista bila kuisoma miguu atapata kijisanduku bubu, kisha aseme kipuri ni kibovu.

Njia ya pili ni kuivisha miguu ile isiyo na miguu. J201 ingali inatengenezwa katika umbo la kubandikwa, kwa jina la MMBFJ201. Urefu wake ni milimita 3 hivi, kama nusu ya punje ya mchele. Kuna vibodi vidogo vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo. Transista huwekwa juu yake, ikashikwa kwa kibanio chembamba, na mguu mmoja ukalehemiwa kwanza ili isiruke. Kisha mingine miwili. Baadaye huongezwa vipande vitatu vya waya vilivyokatwa kutoka kwenye miguu ya rezista, na hapo una transista ya miguu kama ya zamani. Kazi hii inataka mwanga wa mchana, mkono mtulivu na kioo cha kukuzia. Wazee wa ufundi wenye macho yaliyochoka hawaiwezi, na hilo lanisikitisha, kwa maana ujuzi wanao.

Njia ya tatu ni kununua mabaki ya zamani kutoka nchi za nje. Hapa tahadhari inahitajika, maana si vyote ving'aavyo ni dhahabu. Niliwahi kupokea bahasha ya transista 20 zilizochapwa J201 kwa herufi safi kabisa. J201 halisi, ikiwa geti yake haijaunganishwa na kitu, mita huonyesha njia ya umeme kati ya miguu mingine miwili, upande wowote utakaopima. Kati ya zile 20, 14 hazikuonyesha njia hata kidogo. Zilikuwa transista za aina nyingine kabisa, zilizofutwa jina na kuchapwa jipya.

Hata zilizo halisi hazilingani. Kwa kanuni ya kiwanda, J201 ikiunganishwa geti na sosi yaweza kupitisha mkondo wowote kati ya miliampia 0.2 na 1, na 2N5457 kati ya 1 na 5. Yaani moja yaweza kuwa na nguvu mara tano kuliko mwenzake aliyetoka naye katika pakiti moja! Kwa hiyo mimi huzipima zote, moja baada ya moja, na kuandika kipimo katika kijikaratasi. Ndani ya pedali naweka rezista ya kuzungusha, nikiizungusha hadi dreni ionyeshe karibu volti 4.5, nusu ya betri ya volti 9. Kwa njia hiyo transista isiyo J201 kabisa, lakini yenye kipimo cha karibu, hufundishwa kuimba sauti ileile au inayoikaribia.

REDIO YA MZEE WA KAJIADO

Njia ya nne ndiyo yenye mtihani mkubwa, kwani haihusu mita bali dhamiri. Ni kuzichinja redio kuukuu.

Mpiga gitaa wa kanisa moja alikuwa ameniletea pedali yake ya germaniamu ambayo transista zake mbili zilikuwa zimekufa. Alitaka zilezile, AC128, na alikuwa na mkutano wa injili katika wiki mbili. Kwa pedali ya namna hiyo mafundi hupenda transista ya kwanza ikuze mara 70 au 80 hivi, na ya pili mara 110 hadi 130. Kupata mbili zinazofaa hutaka kupima nyingi. Nikafunga safari ya kilomita 50 hivi, kupitia Isinya hadi mji wa Kajiado, kwa fundi wa redio ninayemfahamu.

Juu ya meza yake palikuwa na redio ya sanduku la mbao. Nilipochungulia ndani niliziona AC128 mbili zimekaa pamoja. Mwenye redio, mzee wa Kimaasai aliyejifunga shuka, alikuwa ameketi kwenye benchi nje.

“Shikamoo mzee,” nikamwamkia.

“Marahaba kijana wangu. Unaitazama redio yangu?”

Nikamweleza shida yangu, na bei niliyokuwa tayari kulipa. Akasikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Kisha akasema kwamba aliinunua redio ile miaka michache baada ya Uhuru, kwa fedha ya ndama dume, na kwamba boma zima lilikuwa likija jioni kusikiliza habari.

“Vijana wangu wana simu zinazosema kila kitu,” akasema. “Mimi sitaki kila kitu. Nataka hii iseme. Ikishindikana, chukua, usinilipe.”

Fundi mwenzangu akanitazama. Sote wawili tulijua kwamba kuitangaza imekufa ni neno moja tu, na hakuna ambaye angetupinga. Lakini transista zake zilikuwa hai. Zilizokauka ni kapasita mbili, ambazo bado zinauzwa kila mahali. Tukazibadilisha. Jioni ile redio ikakoroma, ikanasa kituo cha mbali kwenye mawimbi mafupi, na mzee akaondoka nayo kwapani.

Pedali ya kanisa niliivisha transista za silikoni, BC557 za kundi A, lenye ukuzaji mdogo kuliko makundi mengine. Silikoni huhitaji volti 0.6 hivi ili kuamka, ilhali germaniamu hutosheka na 0.2 au 0.3, kwa hiyo ilinibidi nibadilishe rezista pia. Na kwa kuwa silikoni huwa kali masikioni, niliongeza kapasita ya pikofaradi 100 kati ya kolekta na besi ili kuipunguza makali.

Mwenye pedali aliisikiliza kwa makini. “Si ileile,” akasema, na alisema kweli. Ya zamani ilikuwa na ulaini fulani ambao sikuweza kuurudisha. Lakini mkutano ulifanyika chini ya hema, mchana wa jua la Kajiado, na hapo ndipo germaniamu hushindwa. Mkondo unaovuja ndani yake huongezeka karibu maradufu kila joto lipandapo nyuzi 10, na pedali yake ilikuwa na desturi ya kufifia kabla ya sala ya mwisho. Safari hii haikufifia.

USHAURI KWA MAFUNDI

Sisemi kwamba redio zote kuukuu ziachwe. Iliyovunjika kabisa, au televisheni ya kioo kinene iliyotupwa baada ya matangazo ya analogia kuzimwa mwaka 2015, hiyo ni ghala la bure, na akiba haiozi. Ninachosema ni kwamba fundi apime kabla ya kuchinja. Chenye uhai kitengenezwe kwanza.

Tena tusiabudu namba iliyochapwa kwenye plastiki. Vijana wengi hunijia na michoro ya pedali, na wakikosa J201 hukata tamaa. Nawauliza: transista hii ina kazi gani hapa? Hukuza mara ngapi? Inataka volti ngapi? Anayeweza kujibu maswali hayo hatakwama hata viwanda vyote vikifungwa, na asiyeweza atakwama hata akipewa J201 gunia zima.

Jambo la mwisho ni dogo, lakini nawasihi wenzangu walifanye. Kabla ya kufunga pedali, andika ndani ya kifuniko kwa wino usiofutika: transista gani umetumia, kipimo chake, mpangilio wa miguu, na mwaka. Pedali huishi kuliko fundi wake. Siku moja itafunguliwa na mtu mwingine, Kitengela au Kajiado, wakati ambapo hata BC547 huenda imekwisha. Maandishi hayo yatamwambia aanzie wapi.