Hesabu za Shule ya Kijiji na Namna ya Kuzisoma



Katika mikutano mikuu ya vyama vyetu vya msingi huletwa mara kwa mara ombi la kuisaidia shule ya kijiji. Wajumbe huuliza swali moja tu: shule imefaulisha kwa asilimia ngapi? Swali hilo ni jema, lakini peke yake laweza kutupotosha, hasa penye shule ndogo.

Tuchukue mfano. Shule yapeleka watoto 12 katika mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, wakafaulu 9. Hiyo ni asilimia 75. Mwaka wa pili wakafaulu 8 kati ya 12, na asilimia ikashuka hadi 67. Wazazi watawalaumu walimu, kumbe tofauti ni mtoto mmoja, ambaye pengine aliamka na homa siku ile. Kwa hiyo shule ndogo ipimwe kwa kujumlisha matokeo ya miaka mitatu au minne.

Jambo la pili ni zito zaidi. Je, walioanza darasa la kwanza pamoja na hao 12 walikuwa wangapi? Rejista ikionyesha 30, na 5 wakawa wamehama, basi watoto 13 hawakufika mwisho pamoja na wenzao. Waliofaulu ni 9 kati ya 25, yaani asilimia 36. Katibu akiwa na magunia 12 ghalani ilhali stakabadhi zaonyesha 25, mkaguzi hatamsifu kwa ubora wa yale 12.

Kuandikisha watoto ni mwanzo tu. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka elimu ya msingi iwafikie watoto wote ifikapo 1977. Tena, ada ya shule za msingi ilipofutwa mwaka 2001, wanafunzi wa Tanzania waliongezeka kutoka milioni 4.4 hivi mwaka 2000 hadi kupita milioni 7 mwaka 2005. Madarasa yalifurika, lakini walimu hawakuongezeka kwa kasi hiyo.

Basi, kabla ya kupitisha fungu, mkutano uiombe kamati ya shule hesabu hizi:

1. Walioandikishwa, waliohama na waliomaliza.
2. Mahudhurio ya kila mwezi.
3. Idadi ya walimu na ya wanafunzi kwa kila darasa.

Fedha zikishapitishwa, ziandikwe katika muhtasari na kudaiwa stakabadhi kama matumizi mengine yote.

Mahudhurio yakishuka kila msimu wa kuchuma pamba, tusimtafute mchawi: watoto wamo mashambani mwetu. Hapo dawa si fedha za chama, bali ni uamuzi wa kila mwanachama nyumbani kwake.

Mkaguzi hupita kwa nadra, bali mizani hutumika kila siku ya ununuzi. Mwanachama awezaye kuisoma, na kuilinganisha na stakabadhi yake, ndiye mlinzi wa kwanza wa chama. Mlinzi huyo hutoka katika shule ile ile.